Mkia Kwenye Mizani

Kabla ya sala ya ishaa Hadji Waziri alifuta vumbi kwenye televisheni kwa kitambaa kilekile alichofutia miwani yake, kisha akagusa nyaya za betri kuona kama jua la mchana lilikuwa limetosha. Lilikuwa limetosha. Umeme wa mji ulikuwa umekatika tangu juzi na hakuna aliyeuulizia. Mkewe, Mariyamu, alitandika mikeka, maana viti visingetosha majirani, akamwambia Elda akae karibu na ukuta, penye ubaridi.

Elda hakuwa mtu wa nyumba hiyo. Alikuwa mkulima wa Kizuka, mzaliwa wa ng'ambo ya ziwa, upande wa Fizi, mwanamke wa maombi aliyefunga kula kila Jumatano. Kwa miaka mingi alikuwa akimletea Mariyamu mawese ya kuuza sokoni Rumonge. Sasa alilala kwake kwa sababu mumewe, Jephté, alikuwa kwenye kasho, mahabusu ya mji, na mtu wa kasho hula anacholetewa.

Kosa la Jephté lilikuwa kukamua chikichi zake mwenyewe. Komite ya mawese ilikuwa imepiga marufuku mashine za nyumbani, zile zenye nondo ndefu ambayo wanaume huisukuma wakizunguka. Kila mtu apeleke chikichi kwenye mizani ya komite, na mizani hiyo ilikuwa mikononi mwa Tarsisi, mkuu wa komite. Gunia lililomkamua mtu jasho njia nzima kutoka Kizuka, likitundikwa kwa Tarsisi, lilikuwa kama limejaa pamba. Watu walijua wanaibiwa, ila hakuna aliyeona inavyofanyika. Siku moja Jephté aliligeuza gunia lake njiani, akalirudisha nyumbani, akalikamua. Watu wa komite walimkuta mikono ikiwa bado myekundu. Elda aliambiwa kwamba dosiye ya mumewe, yale makaratasi ya kesi yake, inasomwa.

Sebule ilijaa kwa ajili ya Leonsi. Leonsi alikuwa mtu mnene mwenye tai fupi, aliyeketi nyuma ya meza katika mji wa mbali wenye theluji, na kila usiku, watoto wakishalala, aliwasema wakubwa kwa Kirundi na Kiswahili. Kipindi chake kiliitwa Taa Bado Inawaka. Usiku huo aliigiza mkubwa mmoja akizindua bomba lisilotoa maji na kulipongeza kwa utulivu wake. Watu walicheka, kwanza mikono ikiwa midomoni, kisha bila mikono. Feruzi, fundi cherehani, ambaye mchana hakuthubutu kulitaja jina la shefu wa mtaa wake, alicheka mpaka akalala ubavu. Hadji Waziri alisema kipindi kile ni kama asali kwa mwenye kifua: kikohozi kinabaki, ila koo linatulia.

Elda, ambaye tangu Jephté akamatwe chakula kilikuwa kikimgomea kooni, alijikuta anacheka. Baada ya kucheka alikula, na baada ya kula alilala.

Ni Mariyamu aliyetoa wazo. "Mama Bora," alimwambia, kwa jina la binti wa Elda, "umupelekee Leonsi habari yako. Ule mutu anasikilizaka watu."

Basi Elda aliisema habari yake kwenye simu ya Mariyamu, kwa sauti ya chini, huku mlango ukiwa umefungwa. Kabla ya kuituma alipiga magoti. Alimwomba Mungu kwamba ubaya wa Tarsisi uonekane mchana kweupe, mbele ya macho ya watu wote. Hakuomba zaidi ya hapo. Aliamini kwamba ubaya ukishaonekana hauna tena mahali pa kusimama.

Leonsi aliipokea. Usiku uliofuata alinyoosha tai yake akasema, "Watu wa Rumonge, musiitukane mizani. Mizani iko muzima kabisa. Ni mukia wa Tarsisi tu. Gunia likitundikwa, mukia unatoka nyuma, unaliinua kidogo." Akaonyesha kwa kipande cha kamba. Katika sebule ya Hadji Waziri mtu mmoja alicheka mpaka akaomba maji.

Asubuhi Tarsisi alikuwa na mkia.

Ulikuwa mkia wa rangi ya udongo, wenye kishungi mwishoni, ukifika kwenye visigino. Tarsisi alimwita Feruzi, ambaye alizitoboa suruali zake na kuyapinda matundu vizuri. Feruzi alieleza baadaye kwamba kazi yenyewe haikuwa ngumu, ila mkia haukai kimya ukipimwa. Jumapili Tarsisi alikwenda kanisani kama kawaida, akakaa mwisho wa benchi ili mkia upate nafasi, na mzee wa sadaka aliuruka akaendelea na kikapu. Jumatatu, kwenye mizani, mkia ulifanya kama Leonsi alivyosema. Gunia lilipotundikwa ulipita chini yake, ukaliinua kidogo, ukatulia mpaka karani alipomaliza kusoma. Mwenye gunia aliuona. Walio nyuma yake kwenye foleni waliuona pia. Karani aliandika alichokisoma, na mwenye gunia akachukua karatasi yake akaondoka.

Elda alitoa ushuhuda kwenye chumba cha maombi. Alisema kwamba Bwana amejibu, kwamba lililofichwa limewekwa mwangani, na kina mama walipiga makofi na kuimba. Akaenda kumngoja Jephté.

Kila mchana alifika kasho na bugali wa muhogo na ndagala waliopikwa kwa mawese. Aristide, mlinzi, alifungua kidirisha cha chuma, naye Jephté akasogeza uso. Mwanzoni alikuwa akiuliza habari za dosiye. Siku zilivyopita aliacha, akawa anauliza Leonsi alisema nini jana. Elda alisimulia, akiigiza sauti, na wanaume wengine mle ndani walinyamaza ili wasikie. Aristide hakufunga kidirisha mpaka kichekesho kifike mwisho, maana yeye hakuwa na televisheni. Kisha alifunga.

Leonsi hakumwacha Tarsisi. Alisema mkia unakula chikichi kuliko mwenyewe, na mkia ukanenepa. Alisema unarefuka kwa kila gunia, ukarefuka. Mvua za Aprili zilipoanza ulikuwa unaburutika matopeni nyuma ya Tarsisi alipotoka ofisini kwenda kwenye mizani. Mtu mmoja wa Nyanza-Lac, aliyekuwa akingoja sahihi tangu asubuhi, aliuinua ili usichafuke. Hakuna aliyemwagiza. Kesho yake mwingine mwenye shida aliuinua pia. Muda si muda ikawa desturi kwamba mwenye neno kwa Tarsisi aushike mkia pale penye madimbwi na kusema neno lake akitembea.

Elda hakuitaka njia hiyo. Alifunga siku tatu, akavaa kitenge cha kanisani, akaenda ofisini kwa Tarsisi kupitia mlangoni. Tarsisi alimkaribisha kiti. Mkia ulikuwa umelazwa juu ya kabati, umejikunja.

"Amahoro, Mama Bora," alisema. "Sauti yako naijua. Kuko mutu alinisikilizisha ile ulimutumia Leonsi."

Elda alisema kwamba kama kuna kosa ni lake, lisihesabiwe kwa mumewe.

"Kosa gani? Nilicheka, mama. Ile ya kamba nilicheka mpaka bibi yangu akaamuka." Tarsisi aliegemea nyuma. "Mimi Leonsi namuombeaka afya. Kabla yake watu walikuwa wanakuja hapa asubuhi na hasira, wengine na mawe. Sasa wanacheka usiku, wanalala muzuri. Mutu amelala muzuri hasumbui ofisi."

Alisema hayo bila kejeli, kama mtu anayeeleza hali ya hewa. Elda alimuuliza kuhusu Jephté. Alijibu kwamba dosiye inasomwa, kwamba wasomaji wako wachache, kwamba ataiulizia mwenyewe. Kisha alitazama saa, akasimama, na mkia ukashuka kutoka kabatini ukaanguka sakafuni kwa kishindo.

Nje mvua ilikuwa imekatika sasa hivi tu. Kati ya ofisi na mizani palikuwa na maji ya rangi ya chai. Siku hiyo hapakuwa na mtu mwingine mwenye shida. Tarsisi alisimama kizingitini akautazama mkia wake, kisha akayatazama maji. Elda alimfikiria Jephté, ambaye miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba. Aliinama akaushika.

Ulikuwa na joto, na mzito kuliko alivyodhania. Akitembea nyuma alimwambia Tarsisi kuhusu ile miguu, na Tarsisi aliitikia, "Eeh, eeh, nimesikia." Walipofika kwenye mizani aliyesimama mbele ya foleni alikuwa Consolée, jirani yake wa Kizuka, ambaye shamba lake limepakana na la Jephté. Gunia la Consolée lilitundikwa. Mkia ulichomoka mikononi mwa Elda taratibu, ukapita chini ya gunia, ukaliinua kidogo.

"Amahoro, Mama Bora," alisema Consolée.

"Amahoro," alisema Elda.

Mkia uliporudi aliupokea, kwa kuwa safari ya kurudi ilikuwa na madimbwi yaleyale.

Usiku huo Leonsi alikwishapata habari, kwa maana habari za Rumonge zilimfikia upesi. Alisema mkia wa Tarsisi sasa umepata mama wa kuubeba, mama wa maombi, mwenye kitenge cha kanisani, anayeubeba kama anayebeba mtoto kwenda kubatizwa. Alichukua ile kamba, akailaza mikononi, akaibembeleza. Sebule nzima ilianguka kwa kicheko. Mariyamu peke yake alimgeukia Elda, akaona kwamba Elda naye anacheka, machozi yakimtiririka mpaka shingoni, basi akageukia televisheni tena.

Walipolala Elda alipiga magoti. Alitafuta neno la kuomba. Lile la kuonekana alikuwa ameshapewa, na mbele yake hakuona jingine. Alimshukuru Mungu kwa chakula cha siku hiyo na akalala, na alilala vizuri.

Mchana Aristide alifungua kidirisha. Uso wa Jephté ulikuwa umekonda, ndevu zimemjaa.

"Jana alisema nini?"

Elda alimsimulia. Alisema kuhusu kitenge na ubatizo, akaionyesha mikono ya Leonsi ikibembeleza kamba. Jephté alicheka mpaka akaegemeza paji la uso kwenye chuma, na nyuma yake gizani wengine walicheka, na Aristide akacheka, funguo zikilia kiunoni mwake.

"Na ule mwanamuke ni nani?" Jephté aliuliza alipopata pumzi.

"Mutu wa hapa hapa kwetu."

"Hana bwana?"

"Iko naye," alisema Elda.

Jephté alitikisa kichwa kwa kumhurumia bwana huyo, akapokea bugali, na Aristide akafunga.