Watoto wa Jina la Selestine

Jumatatu asubuhi, Leonida alipokuwa akimpaka bintiye Selestine mafuta magotini, alisikia harufu ya bia. Akaendelea kupaka. Mtoto hakuwahi kuonja bia. Aliyekunywa ni Selestine mkubwa, mshambuliaji wa timu moja ya Dar es Salaam, baada ya mechi ya jana yake.

Pale Nyansurura jina la mtoto lilirithiwa kwa marehemu, na wazee walijua kwa nini: marehemu hana jipya. Lakini kijana wa kwao alipofunga bao likaonekana kwenye televisheni, watu walijisahau kwa furaha, wakawapa watoto wa msimu ule jina la mtu aliye hai. Alipovunjika kifundo cha mguu, watoto walichechemea masika yote. Alipotia nywele rangi ya njano, waliamka na nywele za njano. Mwalimu Yona akawanyoa, zikaota njano, akachoka. Jumatatu aliwakalisha dirishani wapate hewa, maana angefanyaje?

Wiki hiyo ilikuwa ya mtihani wa darasa la saba. Selestine mdogo alikuwa na akili, hilo hata majirani wenye husuda walikiri. Lakini Makoye, baba yake, alikwisha kutajiwa ng'ombe wa mahari na mzee mmoja wa kijiji cha jirani, na akakubali kungoja aone kama mtoto atafaulu. Kwa hiyo Leonida aliposikia mchezaji amekuja kumwona mama yake, alikamata kuku akaenda.

"Shikamoo dada," Selestine mkubwa akasema.

"Marahaba. Nimekuja kukuomba usinywe mpaka Alhamisi, watoto wamalize mtihani."

Akajikuna nywele za njano. "Dada, mimi kazi yangu ni kufunga mabao. Sikumwomba mtu ampe mtoto jina langu."

"Najua. Tulikosea sisi."

"Na baba yake hanywi?"

"Anakunywa kila siku. Lakini mtoto hana jina lake."

Selestine akamtazama kuku, akamtazama mama yake, akakubali. Alikuwa muungwana. Siku zile alikunywa soda tupu, na katika chumba cha mtihani akina Selestine wote walicheua taratibu, wakaandika mpaka kengele ikalia.

Alhamisi jioni, Selestine mdogo aliporudi, alikuta zizini ng'ombe wasiokuwa wao. Mzee wa watu alichoka kungoja, na pombe ya mtama aliyokuja nayo ilikuwa nzuri. Leonida akamwendea mumewe. Akauliza, "Baba Selestine, si ulisema tungoje matokeo?" Makoye akasema ng'ombe wakishaingia zizini hawafukuzwi.

Kisha akawageukia wageni waliokuja na ng'ombe, akaendelea na alilokuwa akilisema juu ya yule mchezaji.

"Kumbe kuacha anaweza! Basi kwa nini asiache kabisa? Mtu maarufu ni kioo cha jamii. Watoto wanamtazama yeye."

"Kweli kabisa," wageni wakasema, wakanyoosha vikombe.

Makoye akamwita bintiye alete jagi lingine. Huko kwa mama yake, Selestine mkubwa alikuwa amefungua chupa ya kwanza, maana ahadi yake ilikwisha. Mtoto akatoka jikoni na jagi, akayumba mlangoni. Leonida akamshika kiwiko.

"Angalia usimwage," Makoye akasema.