Mikato ya Vasu

Kanakamma alikuwa na nadhiri moja: kuandika jina la mungu Rama mara krori moja, yaani laki mia, kwa wino mwekundu. Mumewe Narasimhulu, ambaye hakuwa amewahi kushika sufuria, alimcheka tangu siku ya kwanza. "Ukifika krori, kahawa ya asubuhi nitapika mimi mpaka nife!" Miaka ishirini na saba ikapita, na bibi huyu mwenye kichwa kigumu hakusahau hata neno moja.

Madaftari yaliyojaa yalipelekwa hekaluni kila mwaka. Hesabu aliitunza mwana wao Vasu, aliyehamia ng'ambo. Siku mbili kabla ya sikukuu ya Rama, Vasu akatuma kibandiko cha daftari la mwisho, chenye jumla yote: 10,000,000.

Kanakamma alivaa miwani, akasoma kama alivyozoea tangu utotoni, kwa mikato. Wa mwisho, elfu. Unaoutangulia, laki. Wa krori haukuwepo.

"Laki kumi tu?" Akakiweka kibandiko mezani.

Mzee Narasimhulu akakichukua, akakisoma polepole. "Pole, Mama Vasu. Umebakiza laki tisini. Kwa mwendo wako ni miaka mia mbili na ushee. Kwani una haraka ya kwenda wapi?"

Kanakamma alitaka kulia, ila akamtazama vizuri. Huyu alikuwa karani wa mizigo stesheni miaka thelathini na mitano, akisoma tarakimu kutwa. Na kidole gumba chake kilikuwa kimetua juu ya sifuri moja.

"Toa kidole, Baba Vasu."

"Kidole gani?"

"Toa!"

Akahesabu sifuri. Saba. Akahesabu tena. Saba.

"Huko kwa mwanao wanakata tatu tatu, sisi huku India tatu za mwisho, kisha mbili mbili. Sifuri saba ni saba, hata uzivalishe mikato ya wapi! Na wewe ulijua, mzee mwongo!"

"Nilijua," mzee akakiri kinyonge. "Jiko ndilo silijui."

Kanakamma akaifuta mikato ya Vasu, akaweka ya kwao: 1,00,00,000. Hapo ndipo alipolia, kwa furaha.

Siku ya pili asubuhi kahawa ikaja, chungu, nusu imemwagika njiani. Akainywa yote. Kisha akafungua daftari jipya, akaandika: 1.

Mzee akashtuka. "Krori nyingine?"

"Vikombe vyako."

"Mkato utaweka lini?"

"Ukifika elfu," akasema Kanakamma. "Kwa hiyo usithubutu kufa kabla."