Kuku wa Shangazi Nyangi

Korongo dume alikufa saa moja na dakika tano asubuhi, na sasa, saa mbili kasoro kumi, Daktari Hezekia alikuwa amempasua juu ya meza ya bati pale bustani ya wanyama, ini limejaa madoa meupe, na bila kuinua kichwa akauliza, "Dada Wegesa, kuna ndege wa nje aliyeingia humu wiki hizi mbili? Kama ugonjwa ni wa kuku, dawa naitia leo kwenye maji yote, kama sio, tusubiri maabara" ... wa nje, nani angemwita wa nje kuku mweusi aliyefungwa miguu kwa kamba ya katani, Shangazi Nyangi akimsukumia Wegesa kifuani kule Nyamwaga, "Beba, mwanangu, majirani wasione unatoka kwangu mikono mitupu," na kuku wa shangazi hakataliwi, wala hachinjwi, anafugwa atage, ila zamu yake ya kulisha wanyama ilikuwa inaanza, nyumbani Robanda asingewahi, akamweka kwenye kizimba kitupu jirani na korongo, siku moja tu, zikawa tatu, ya nne kuku akakutwa chali, akamfukia nyuma ya choo, akasema moyoni ni mdondo, kuku hufa ... na lile bakuli jekundu alilonywea kuku, alilisuuza au alimwaga maji tu? alilirudisha kwa sungura, wawili wakafa Jumatatu, kanga wanne Jumatano, "Wageni hapa ni panya wa stoo yangu, daktari," Vicent alisema mlangoni, "na hawalipi kiingilio," daktari hakucheka, aliandika, Wegesa aliiona kalamu ikiandika panya, na funguo za stoo anazo Vicent, atafukuzwa Vicent, aliyemshikia zamu wiki nzima alipokwenda kumzika baba, na korongo jike atasubiri maabara, atasubiri vipi, jana hakula ... kibao kiko ukutani, kuku wa nyumbani marufuku, yeye mwenyewe alikipigilia misumari, na shangazi akisikia kuku wake ameua korongo? Shangazi hakuua kitu, shangazi alitoa, aliyepita getini na kuku chini ya kanga aliyojitanda ni nani ... "Dada, nimekuuliza," daktari alisema. Bakuli jekundu lilikuwa karibu na mguu wa Wegesa, lina maji. Korongo jike alikuwa bado amesimama. Saa mbili kasoro dakika saba Wegesa alisema, "Ni kuku. Nilimleta mimi."