Mnara Nyuma ya Choo

Kutwa nzima karani wa nyaraka, ambaye wenzake ofisini walimbandika jina la Mama Wino, alikuwa akipaka wino mweusi juu ya maneno ambayo sheria haitaki raia wayaone. Macho yalimuwasha, mgongo haukuwa wake tena. Ndipo shemeji yake, fundi seremala, akatokea dirishani na ripoti aliyoiomba: kwa nini siku karakana yake ilipoungua, simu ya zimamoto haikuita.

“Shemeji, hiki ulichonipa ni karatasi au kipande cha mkaa?”

“Ndiyo sheria. Habari za mitambo ya dharura hazitolewi. Watu wabaya wakijua mnara wa simu ulipo, watauharibu.”

“Mnara uko nyuma ya choo chetu! Mke wangu anaanika nguo kwenye uzio wake. Sikuulizi uko wapi. Nauliza kwa nini ulikuwa bubu.”

Mama Wino akashusha pumzi. Jibu alikuwa nalo: betri za mnara zilikufa, na mpaka leo hakuna aliyezibadilisha. Nalo alilipaka wino kwa mkono wake mwenyewe.

“Haya, yaliyopita yamepita,” shemeji akasema, sauti imemwishia. “Karakana naijenga upya. Niambie moja tu: leo nikipiga, watapokea?”

Mama Wino akautazama mlango wa bosi, akavitazama vidole vyake vyeusi, kisha akainama karibu na dirisha.

“Nunua ndoo, shemeji,” akanong’ona. “Nunua nyingi.”