Siku Mkanda Uliposimama

Mkanda wa kuchambulia taka ulipozimwa ndipo nilipojua jinsi banda lile lilivyokuwa na kelele. Tangu asubuhi tulikuwa tukipayuka bila kujua kuwa tunapayuka. Sasa kimya kilitanda, chupa moja ya plastiki ikabingirika kutoka juu ya lundo, na sote tukaisikia mpaka ilipotulia. Mwanamke aliyebonyeza kitufe chekundu alivua glavu zake, akaziweka juu ya mkanda, akaketi sakafuni.

Msimamizi alimwamuru ainuke. Hakuinuka.

Miaka imepita. Nimestaafu, nina wajukuu wanaonikalia kichwani, lakini nikifumba macho naiona ile namna yake ya kuketi: taratibu, akiipanga kanga yake magotini, kama mtu aliyefika kwake.

Wakati huo nilikuwa katika kampuni ya kuzoa taka. Nilianza nikiwa dereva wa lori, mwanamke peke yangu karakana nzima, kisha nikapewa kazi ya kukagua wakandarasi wetu, wale wanaochambua taka tunazozoa. Kampuni ilikuwa imejiwekea sharti jipya: anayetaka kufanya kazi nasi aturuhusu kuzungumza na wafanyakazi wake faragha, tuhakikishe hakuna anayetumikishwa kwa nguvu. Katika kikao, mkurugenzi alilitamka neno utumwa, na baadhi ya wenzangu wakatabasamu. Utumwa tuliusoma shuleni, wakanong'ona. Tukafanya mtihani, ukaisha.

Mimi sikutabasamu. Shangazi yangu aliwahi kwenda ng'ambo kufanya kazi za ndani. Aliporudi alikaa kwetu, na kwa muda mrefu alikuwa akisimama mlangoni mwa jikoni, mikono nyuma, akingoja aambiwe kwamba anaweza kunywa maji. Mama alikuwa akimwambia, wifi, hapa ni kwenu, kunywa mpaka uelee. Shangazi alicheka, akanywa. Kesho yake akasimama tena palepale.

Kwa hiyo nilipoingia katika yadi ya yule mkandarasi wa plastiki, vyeti vilivyoning'inia ukutani niliviacha vining'inie. Nilitazama pipa la maji. Lilikuwa karibu na mkanda, limejaa, na kikombe juu ya mfuniko. Joto lilikuwa la kukausha mate. Kila aliyekwenda kunywa alimtazama msimamizi kwanza, na msimamizi akainua kidevu, au asiinue.

Mwenye yadi alikuwa mtu wa maneno laini. Faragha ya nini, alisema, waulize hapahapa. Nikawauliza. Wakajibu mmoja baada ya mwingine kwa maneno yaleyale: tunaishi vizuri, tunakula vizuri, bosi ni kama baba. Hata kasuku angebadilisha sauti. Nikamwambia mwenye yadi kwamba pasipo faragha, lori letu halitakanyaga tena kwake. Akanionyesha kona nyuma ya mashine ya kufungia marobota, na mtu wa kuongea naye nikamchagua mwenyewe. Nilimchukua mwanamke wa makamo ambaye wenzake walimwita Dada Mkubwa, kwa sababu nilipokuwa nikiuliza maswali, wengine walimtazama yeye kabla ya kujibu.

Alinieleza huku akitoa nyuzi za plastiki kwenye mkono wa blauzi yake. Walinyang'anywa vitambulisho siku waliyofika. Lango hufungwa. Aliyejaribu kutoka alirudishwa, akapigwa mbele yao. Aliyasema yote bila kupandisha wala kushusha sauti.

Nikamsihi apande lori letu palepale. Dereva wangu, tuliyemwita Breki kwa vile hakuwa na habari nazo, alikuwa nje ya lango, injini inanguruma. Tungefika ofisi ya kazi kabla mtu hajashtuka. Akanitazama kwa huruma, yeye kunihurumia mimi.

"Nyuma ya yale marobota kuna mlango," akaniambia. "Ndani kuna wenzetu. Wanafichwa kila anapokuja mgeni. Nikipanda gari lako, watahamishwa kabla hujafika barabara kuu."

"Sasa tufanyeje, dada?"

"Wewe ita watu wako. Mimi nitakaa."

Akaenda, akabonyeza kitufe.

Mzee mmoja aliyekuwa upande wa pili wa mkanda alimtazama, akavua glavu, naye akaketi. Wakafuata wasichana wawili. Kisha safu nzima ikashuka, kama pazia linaloachiwa. Msimamizi alinyanyua chuma juu ya kichwa cha Dada Mkubwa. Nilikuwa karibu vya kutosha kuona magoti yake yakitetemeka chini ya kanga, naye ameyashika kwa mikono yote miwili ili yasimwinue. Alikuwa akiogopa kuliko mtu yeyote mle ndani, na alibaki pale. Chuma kikashuka polepole, hakikumgusa mtu.

Nilimpigia simu mkurugenzi. Alisema nisiondoke, anakuja na maofisa wa kazi na polisi. Mwenye yadi, maneno laini yamemwisha, akapiga kelele lango lifungwe. Lakini Breki alikuwa ameingiza lori kinyumenyume, nusu ndani, nusu nje, akazima injini na kufungua chakula chake. Walipomwambia aondoe gari, alijibu huku akitafuna kwamba angependa sana, ila breki zimekamata.

Maofisa walipofika ndipo Dada Mkubwa aliposimama. Alikwenda kwenye marobota, akaanza kuvuta la kwanza, na wote wakaenda kuvuta naye, mpaka mlango ukaonekana na polisi wakauvunja. Waliofichwa walitoka wakiziba macho kwa mikono, maana jua lilikuwa kali. Nilitarajia vilio. Hapakuwa na vilio. Yule mzee alimpokea mkewe, akawa anamfuta vumbi usoni kwa kiganja, polepole, kipande kwa kipande, na sisi wengine wote, hata polisi, tukasimama tumeduwaa.

Mwenye yadi alifikishwa mahakamani, akafungwa. Kampuni ilianza kukagua wakandarasi wote upya, mpaka wale wanaonunua kutoka kwao, na tukakuta mengine ambayo si ya hadithi hii.

Wiki iliyofuata nilikwenda kuwaona katika hosteli walikohifadhiwa. Ilikuwa adhuhuri. Chumba cha Dada Mkubwa kilikuwa cha kwanza kwenye korido, mlango uko wazi kabisa, naye amelala chali, mdomo wazi, anakoroma. Wenzake walikuwa wakipita kwenda kufua na kurudi, watu wazima, wanawake kwa wanaume, wakinyata kwa ncha za vidole, viatu mkononi.

Nikavua vyangu.