Miguu ya Orest Iliyokuwa kwa Bohdan

Lesia Prokopchuk alikuwa amepiga magoti jikoni, soksi ya sufu mkononi, akimsubiri mumewe ainue mguu wa kushoto. Nje theluji ilikuwa imefika dirishani na birika lilikuwa limeanza kuchemka.

"Umeuambia?" aliuliza.

"Nimeuambia," alisema Orest. "Tena kwa adabu."

Mguu haukutikisika. Wakati huohuo, katika duka la ushirika upande wa pili wa mji, Bohdan, mdogo wake Orest, alikuwa amesimama kaunta akichagua skrubu za trekta. Aliinua mguu wake wa kushoto, akaunyoosha mbele kama mtu anayengoja kuvishwa soksi, akabaki hivyo. Muuzaji aliendelea kupima skrubu.

Baada ya wiki chache mambo yalikuwa wazi kwa mji mzima. Orest akitaka kujikuna shavu, Bohdan alijikuna. Orest akitaka kusimama, Bohdan alisimama, hata kama alikuwa kanisani na wengine wamepiga magoti.

Walipokwenda jijini Saskatoon, Daktari Sandhu alizitazama picha za ubongo wa Orest, kisha akawaeleza bila haraka. Kichwani mna seli za neva, ambazo hutoa amri, na kuna nyingine zinazozitunza. Wataalamu wa zamani waliziita hizi za pili gundi, wakidhani kazi yao ni kuwashikilia wenzao tu. Kumbe zinalisha, zinafagia, zinazivika neva ganda la mafuta ili ujumbe usivuje njiani, na mchana kutwa zinaongea nazo: hapa punguza, pale ongeza, huku pana uchafu. Kwa Orest maongezi hayo yalikuwa yameharibika. Seli za ulinzi zilikuwa zimesikia vibaya, na pamoja na askari walioingia kutoka kwenye damu, zilikuwa zikilitafuna ganda zililopaswa kulilinda.

"Neva zimebaki uchi," alisema daktari. "Ujumbe unavuja."

"Unavuja kwenda wapi?" aliuliza Lesia.

"Kwa wagonjwa wengi haufiki popote. Wa kwenu unafika kwa Bohdan." Aliandika dawa ya kuwatuliza walinzi. "Hii itazuia madhara mapya. Palipokwisha kuliwa, pengine pataota ganda tena, pengine hapataota. Na mwambieni huyo ndugu asiendeshe gari Orest anapofanya mazoezi."

Bohdan alikubali. Alikuwa mtu wa kukubali mambo. Baba yao alipofariki aliwaachia shamba la ngano, na Orest, kwa kuwa ni mkubwa, ndiye aliyekaa kwenye nyumba ya zamani katikati ya shamba. Miguu ilipoanza kumsumbua, Bohdan alimshika bega na kumwambia, "Hamia mjini kwa baridi hii tu, kaka, uwe karibu na zahanati. Mimi nitakutunzia nyumba. Theluji ikiyeyuka, unarudi." Theluji ilikuwa imeyeyuka mara kadhaa tangu hapo. Kila Orest alipouliza, Bohdan alisema bado anajenga njia ya kiti cha magurudumu, au bado anapaka rangi chumba cha kulala.

Majira ya kuchipua yalipofika, Orest aliketi dirishani katika nyumba ya kupanga akatamani kutembea. Bohdan akashuka kwenye trekta, akafuata ukingo wa shamba, akachuchumaa, akafikicha udongo kwa vidole. Amri zilikwenda, lakini hakuna kilichorudi, kwa hiyo jioni Orest alipiga simu.

"Udongo ukoje?"

"Una unyevu mzuri, kaka. Ila buti zangu zimejaa maji. Ulinipitisha katikati ya dimbwi."

"Mimi hupita katikati."

"Mimi huzunguka."

"Najua," alisema Orest. "Tangu utoto."

Siku moja Orest alichoka mapema, akatamani kujilaza kwenye kitanda chake mwenyewe. Bohdan alipoona miguu inaelekea nyumba ya zamani, alikumbatia nguzo ya lango. Mikono ikaachia. Alipanda ngazi, akapita ukumbini, akafungua mlango wa chumba cha kulala. Kitanda hakikuwapo. Chumba kilijaa magunia ya mbolea hadi darini. Miguu, ambayo ilijua kitanda kilipo, haikusimama. Magunia yakamwangukia, na mkewe Colleen pamoja na jirani walimfukua kwa koleo la theluji. Jirani alikuwa na mdomo mwepesi. Kabla ya chakula cha jioni habari ilikuwa imemfikia Lesia.

"Kwa hiyo hakuna rangi," alisema.

"Hakuna rangi," alisema Orest.

Kesho yake Colleen alikuja na keki ya tufaha akaiweka mezani bila kuvua koti.

"Orest, nyuma ya ghala kuna bwawa. Bohdan hajui kuogelea."

"Najua hajui. Mimi ndiye niliyeshindwa kumfundisha."

"Basi nakuomba."

Orest alikuwa amelifikiria bwawa hilo tangu alfajiri. Alimtazama Colleen, akaitazama keki.

"Mwambie avae glavu," alisema.

Mchana ule Bohdan alibeba magunia moja baada ya jingine na kuyaweka uani. Mjini Orest alikuwa akitokwa jasho kwenye kiti chake, na jioni hakuweza hata kumeza vizuri. Alilala siku nzima iliyofuata. Alipokuwa amelala, Bohdan aliyarudisha magunia ndani. Orest akayatoa tena. Bohdan akayarudisha tena.

"Acha," Lesia alimwambia mumewe hatimaye, akimfuta mdomo. "Wewe unakwisha, mwenzio anaota misuli."

Orest akaacha. Jumapili Bohdan alikuja, akaketi ukingoni mwa kiti.

"Kaka, nyumba ile ni kubwa kwenu wawili. Na wewe ngazi huziwezi."

"Nazipanda kila siku."

"Kwa miguu yangu."

"Basi ilete niitazame," alisema Orest, na Bohdan akacheka kabla hajajizuia. Wakanywa kahawa. Kuhusu nyumba hawakusema zaidi. Mbolea ilipokwisha kumwagwa shambani, chumba kikakaa wazi kiangazi chote, na mavuno yalipoingia Bohdan akakijaza dengu.

Oktoba kulikuwa na karamu ya mavuno katika ukumbi wa kanisa. Watu walikula pirogi, vile vitumbua vya kuchemsha vilivyojazwa viazi, kwa vitunguu na malai, kisha mzee mmoja akavuta kodiani yake. Orest alimtazama Lesia, aliyevaa gauni la buluu na kugonga meza kwa kidole bila kujua.

Meza ya mbali Bohdan aliweka uma chini, akapangusa mdomo.

"Nenda tu," alisema Colleen, akaifunika sahani yake isipoe.

Bohdan alikuja akanyoosha mkono. Lesia hakumtazama yeye. Alimtazama Orest, kisha akasimama. Kiganja kilitua chini kidogo ya bega lake, mahali ambapo Orest peke yake alikuwa akipajua, na dole gumba likatulia kwenye mshono. Wakacheza valsi. Bohdan alikaza macho ukutani muda wote. Kwenye kiti chake Orest alikuwa amefumba macho, mishipa ya shingo imemsimama. Hakuna aliyeacha kula.

Wimbo ulipokwisha, mkono ulichelewa kidogo kuachia. Lesia akarudi akaketi kando ya mumewe, anahema.

"Umenikanyaga."

"Nisamehe."

"Hamna neno."

Bohdan alikuwa amekwisha kurudi kwenye sahani yake. Alikuwa akimweleza jirani, kwa sauti iliyofika ukumbi mzima, kwamba kabla ya theluji atautoboa ukuta wa kile chumba cha kulala ili lori la dengu liweze kuingia kinyumenyume. Orest alisikia. Lesia pia alisikia, akamshika mumewe mkono usiosikia kushikwa. Mzee akavuta kodiani tena, na Bohdan, katikati ya sentensi, akasimama.