Pasi Zilizorudishwa

Ofisa wa kodi alivua viatu mlangoni, akaingia katika chumba kilichokuwa ndilo duka, akashika kiuno. Pasi za umeme zilizorudishwa na wateja zilipangwa ukutani, safu juu ya safu.

"Mama," alisema kwa upole, "kwenye fomu umeandika kwamba pasi hizi zimeharibiwa."

"Ndiyo, mwanangu. Zimeharibiwa kabisa. Hata moja haifai."

"Mbona naziona?"

Mama hakuelewa kosa liko wapi. Biashara hiyo ya kuuza mtandaoni ilikuwa ya binti yake, kifungua mimba wake, ambaye maradhi yalimchukua mwanzoni mwa mwaka. Yeye alirithi simu, wateja na mjukuu wa kulea. Fomu aliijaza peke yake, kwa herufi alizojifunza ukubwani katika darasa la watu wazima, na moyoni alijivunia kwamba hakumwomba mtu msaada.

Ofisa alichuchumaa, akamwonyesha neno kwa kidole. Zikiharibika, alieleza, ni mbovu lakini zipo; basi bado ni mali ya duka, na kodi itazihesabu kwa bei ya kununulia. Zikiharibiwa, maana yake zimevunjwa mbele ya shahidi. Hapo ndipo hasara inapokubaliwa.

"Kumbe herufi moja tu!" alidakia mnunua vyuma chakavu, jirani aliyeegemea dirishani akinusa biashara. "Shangazi, ungeandika zimekufa, tungekuwa tumeshazika!"

Alipomwona mama uso, alikikatiza kicheko chake.

Kwa maana kila pasi iliporudi, binti aliandika ugonjwa wa pasi hiyo ubavuni mwake kwa rangi nzito nyeupe, kwa herufi kubwa, ili mama yake apate cha kusoma. Huyu mvivu, hapati moto. Huyu ana hasira, ameunguza shati la bwana harusi. Kisha humwita, "Haya, daktari, pitia wagonjwa wako." Mama alisoma kwa kukwamakwama, kidole kikifuata rangi, na binti alicheka mpaka akajishika mbavu. Mwandiko wake mwingine haukubaki nyumbani. Mengine yote aliyaandika kwenye simu.

"Zipige picha basi, shangazi," jirani alisema, sasa kwa sauti ya chini.

Mama alizipiga picha kwa simu ya binti. Maneno yalisomeka vizuri. Lakini alipopitisha kidole juu ya kioo, palikuwa laini tu, hapana herufi.

Ofisa alimpa kalamu. "Ukitaka kuzihifadhi, rekebisha neno, zitabaki kuwa zako. Ila sikufichi, mama: kodi itameza mtaji wote. Kesho utauza nini?"

Nyuma ya pazia mjukuu aliamka, akaita, "Bibi, njaa." Mama aliiweka kalamu juu ya lile neno. Aliishikilia hapo kitambo, wino ukaacha nukta. Kisha akamrudishia ofisa.

"Liache kama lilivyo," alisema. "Mwambie huyo alete nyundo."

Walizipeleka uani. Jirani aliinua nyundo, akasita, akaishusha.

"Shangazi, geukia huko kwanza. Nitakuita tukimaliza."

"Neno nimeliandika mimi, mwanangu," alijibu, akiwa amemshika mjukuu mkono. "Piga. Nami niko hapa."